Soksi za sufu za Julai: tusiogope kisigino

Baridi ya Nairobi haina theluji. Lakini Julai ikifika, mawingu yanatanda wiki nzima, sakafu ya saruji inakuwa baridi kama jiwe la mtoni, na nyayo ndizo zinazoumia kwanza. Wapo wanaoingiza jiko la makaa chumbani na kufunga madirisha. Nawasihi msifanye hivyo. Kaboni monoksidi inayotoka kwenye makaa haina rangi wala harufu, na inaua watu wakiwa usingizini. Tulale na boshori kichwani na soksi nzito miguuni.

Wengi wenu katika kikundi chetu cha kufuma mnafuma sweta na shali vizuri sana, ila mkitajiwa soksi mnarudi nyuma kwa sababu ya kisigino. Mimi nilijifunza kwa ajili ya mama yangu. Miguu yake huvimba jioni, na lastiki ya soksi za dukani humwachia mfereji kwenye ngozi. Jozi ya kwanza niliyomfumia ilikataa kupita kisiginoni, kwa kuwa nilikaza ukingo. Nilifumua yote nikaanza upya. Ndiyo maana nitakaa zaidi kwenye ukingo na kisigino, kwingine nitapita haraka.

Uzi na sindano

Akriliki, yaani uzi wa viwandani usio wa sufu, ni nafuu na hufulika kirahisi, lakini mguu ukitoa jasho ndani yake hubaki na unyevu, kisha baridi inarudi. Sufu hupasha joto hata ikiwa na unyevu kidogo. Sufu mpya ni ghali, kwa hiyo nenda kwenye masoko ya Gikomba au Toi utafute sweta ya mitumba ya kufumua. Angalia mshono wa ubavuni: kama vipande vilikatwa kwa mkasi na kushonwa kwa mashine ya ovaloki, iache, utapata uzi wa vipande vifupi tu. Iliyoganda, yaani nyuzi zimeshikana na kusinyaa kwa kufuliwa na maji moto, nayo haifumuki. Kama lebo imetoka, vuta kiuzi kidogo ukichome mbali na nguo: sufu hunuka kama nywele zilizoungua na huacha jivu linalosagika, akriliki huyeyuka na kuwa shanga ngumu. Ukishafumua, zungusha uzi kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne, uuloweshe kwenye maji ya vuguvugu, kisha uutundike mpaka unyooke.

Utahitaji gramu 100 hivi za uzi wa unene wa wastani, na sindano tano zenye ncha pande zote mbili, milimita 3.25. Kwa namba za zamani za Uingereza, zile zilizo kwenye sindano za mama zetu, hiyo ni namba 10. Kumbuka hapo namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba. Fuma kipande cha majaribio: mishono 24 ienee sentimita 10. Vipimo vyangu vinamfaa mwanamke wa mguu wa wastani.

Hatua ya 1: ukingo. Shika sindano mbili pamoja na uanzishe mishono 48 juu ya zote mbili, kisha chomoa moja. Ukingo utalegea vya kutosha kupita kisiginoni. Gawa mishono 12 kwa kila sindano, unganisha duara bila kuipinda, ufume miwili ya kawaida (knit), miwili ya kinyume (purl), kwa sentimita 5. Kwa mwenye miguu ya kuvimba, endelea hivyo hivyo hadi kisiginoni.

Hatua ya 2: mguu. Mishono ya kawaida, sentimita 10.

Hatua ya 3: ukuta wa kisigino. Chukua mishono 24 kwenye sindano moja, ile 24 mingine ipumzike. Sasa unafuma kwenda na kurudi, safu 24. Upande wa mbele: hamisha mmoja bila kuufuma, fuma mmoja, rudia hadi mwisho. Upande wa nyuma: hamisha wa kwanza, mingine yote kinyume. Ile mishono ya kuhamishwa hufanya ukuta uwe mnene, kwa kuwa hapo ndipo soksi hutoboka mapema.

Hatua ya 4: kugeuza kisigino. Soma polepole, sindano zikiwa mkononi.

Fuma 14. Hamisha mmoja, fuma unaofuata, uvushe uliohamishwa juu yake. Fuma mmoja zaidi, kisha geuza kazi ingawa mishono 7 imebaki. Usiiguse.

Hamisha mmoja, fuma 5 kinyume, miwili pamoja kinyume, mmoja kinyume, geuza.

Sasa utaona pengo pale ulipogeuzia. Kila safu hamisha wa kwanza, fuma hadi ubaki mmoja kabla ya pengo, unganisha huo na wa ng'ambo ya pengo, fuma mmoja, geuza. Safu mbili za mwisho hazitakuwa na huo mmoja wa ziada. Utabaki na mishono 14, na kikombe cha kisigino kimejitokeza chenyewe mkononi mwako. Mara ya kwanza nilipokiona nilimwita mama jikoni aje atazame.

Hatua ya 5: kurudi kwenye duara. Okota mishono 12 kila ubavu wa ukuta. Pamoja na ile 24 iliyopumzika, jumla sasa ni 62. Kila duara la pili punguza mmoja kila upande wa unyayo, hadi urudi 48.

Hatua ya 6: unyayo na vidole. Fuma hadi zibaki sentimita 5 kufikia ncha ya kidole gumba. Punguza minne, mmoja mwanzo na mmoja mwisho wa juu, vivyo hivyo chini, kila duara la pili hadi 24, kisha kila duara hadi 8. Kata uzi, upitishe kwenye yote minane, vuta, ufiche mkia ndani.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, pembeni mwa kisigino napata tundu kila upande. Nakosea wapi?*

Hukosei, dada, hapo kazi huvutwa pande mbili. Okota mshono mmoja zaidi kwenye kona, uusokote unapoufuma, kisha uupunguze duara linalofuata.

*Mume wangu ni mlinzi wa usiku, anavaa kiatu namba 9. Niongeze mingapi?*

Anza na 56. Ukuta uwe mishono 28 na safu 28, kwenye kugeuza fuma 16 badala ya 14, utabaki na 16, uokote 14 kila ubavu. Kwa kuwa hutembea usiku kucha, shikanisha uzi mwembamba wa nailoni na sufu kisiginoni na vidoleni.

*Nimebakiwa na kidonge kidogo cha uzi. Kinatosha nini?*

Soksi za mtoto mchanga, mama. Anza na 32. Ukipima ukapata gramu 30, jaribu.

*Zangu zimeganda baada ya kufuliwa. Zitarudi?*

Pole sana, ndugu. Zikishaganda hazirudi. Mpe mtoto ambaye zinamtosha, na zijazo zifulie maji ya baridi bila kusugua, uzikamue ndani ya taulo, uzilaze kivulini. Julai zitachukua siku mbili kukauka, kwa hiyo fuma jozi mbili.