Kabla hujakubali pampu ya insulini

Binamu yangu anayeishi Leicester, Uingereza, alinipigia simu jioni moja. Binti yake alikuwa amepewa pampu mpya ya insulini na ile ya zamani bado ilikuwa nzima. Je, aitume Kampala kwa ajili ya mwanangu? Kijana ana kisukari cha aina ya kwanza, yaani mwili wake hautengenezi insulini inayoshusha sukari ya damu. Alikuwa na miaka 13, na tangu akiwa na miaka 6 alikuwa akijidunga sindano 4 za insulini kwa siku. Alisikia mazungumzo, akarukaruka sebuleni. Mimi niliomba muda. Wiki 3 zikapita kabla sijajibu, na kuna ndugu walioniona sina shukrani. Nilikuwa napiga hesabu.

Pampu ni kimashine cha ukubwa wa simu ndogo kinachovaliwa kiunoni. Kinasukuma insulini kidogo kidogo, usiku na mchana, kupitia mrija mwembamba hadi kwenye kanyula, yaani kipande laini cha plastiki kilichoingizwa chini ya ngozi. Hakuna upasuaji. Wakati wa kula, mwenyewe anahesabu wanga ulio kwenye sahani, posho au matoke, kisha anabonyeza kiasi anachohitaji. Ile kanyula na mrija wake hubadilishwa kila siku 2 au 3. Ukibadilisha kila siku 3, mwaka mmoja unamaliza seti 122. Ongeza zitakazobanduka kwa jasho na zitakazopinda; mimi niliandika 150. Na mara nyingi kichupa cha insulini na mrija wa pampu moja haviingii kwenye nyingine.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa anayekupa ni kama vifaa vyake bado vinatengenezwa, na nani atavilipia mwaka wa pili. Uzima wa mashine unakuja baadaye. Hospitali zetu za serikali hazigawi pampu, na bima ya afya ya taifa hatuna. Seti ya mwisho ikiisha, mashine inabaki kuwa pambo.

Swali la pili ni insulini yenyewe, na hapa naomba usome polepole. Watoto wetu wengi wanatumia insulini ya mchanganyiko, ile ya 70/30 yenye ukungu mweupe ambayo unaiviringisha viganjani kabla ya kuvuta. Hiyo haiingii kwenye pampu hata siku moja. Pampu inataka insulini safi ya kasi, kama lispro au aspart, na hiyo huenda ukainunua mwenyewe kwenye famasi. Zunguka kwanza famasi 3 au 4, uliza bei, uliza kama walikuwa nayo mwezi uliopita na mwezi juzi. Ukishapata jibu, usifute jina la mtoto kwenye kliniki yake. Watoto wengi Uganda wanapata insulini bure kupitia mpango wa Changing Diabetes in Children, na kuhudhuria kliniki ndiyo akiba yako siku pampu itakapokwama. Itakwama.

Mwishowe tuliichukua, na kwetu ilikwama katika mwezi wake wa pili, saa 9 usiku. Nilimsikia anakwenda chooni mara ya tatu, halafu bomba la jikoni likafunguliwa. Nikaamka, nikamtoboa kidole: sukari 24.6 mmol/L, juu mno. Pampu ilikuwa inaonyesha kila kitu kiko sawa. Nikainua fulana. Plasta ilikuwa imeshika vizuri, lakini kitambaa pembeni yake kilikuwa kimelowa na kinanuka dawa. Nilipoichomoa kanyula, ilikuwa imepinda kama msumari uliogongwa vibaya. Insulini ya saa nyingi ilikuwa imemwagikia nguoni. Kijiti cha kupimia ketoni, yaani asidi ambayo mwili hutengeneza ukikosa insulini, kwenye mkojo kiligeuka zambarau, na kijana alikuwa ameanza kutapika.

Anayetumia sindano huwa na insulini ya muda mrefu mwilini. Akikosa dozi moja, bado kuna kitu kinamshikilia. Mwenye pampu hana. Ndani ya mwili wake kuna insulini ya kasi peke yake, ikikatika, saa chache tu damu inaanza kujaa asidi. Ndiyo maana daktari wetu alinikatalia kabisa kutupa sirinji. Usiku ule nilimdunga kwa sirinji dozi iliyoandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa friji, ndipo nikabadilisha seti. Utaratibu tuliofundishwa ni huu: sukari ikipita 14 na ketoni zipo, usiiamini pampu, dunga kwanza, rekebisha mashine baadaye, na akizidi kutapika au akianza kupumua kwa nguvu, twende hospitali bila kungoja asubuhi. Alfajiri alishuka hadi 11, akalala.

Karatasi hiyo iandikeni pamoja na daktari kabla pampu haijavaliwa. Iwe na viwango vyote vilivyomo kwenye mashine, kwa sababu mashine ikizimika inavificha, na iwe na dozi ya insulini ya muda mrefu ya kurudia sindano. Kaa na chupa ya hiyo insulini ambayo haijaisha muda, na sirinji zilizoandikwa U-100, yaani za insulini yenye yuniti 100 kwa mililita. Stripi za kupimia sukari zisipungue. Pampu ya kawaida isiyo na sensa, yaani kifaa cha mwilini kinachopima sukari chenyewe, haijui sukari ni ngapi, inatii unachoiambia. Kama stripi unazipata kwa kubahatisha, jibu langu ni usiichukue bado.

Umeme nitausema kwa kifupi. Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, ikiisha usiku au mtaa mzima ukizimika, pampu ya kuchaji inahitaji pawabenki, na ya betri inahitaji betri mpya ndani ya nyumba. Insulini ambayo haijafunguliwa inakaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, isigande. Bila friji, mama yangu kule Arua anatumia chungu ndani ya chungu: katikati mchanga uliolowa, juu kitambaa kibichi, kivulini penye upepo. Hakifikii baridi ya friji, ila kinaikinga dawa na joto la Januari. Chupa iliyofunguliwa tunaiandikia tarehe na kuiacha baada ya siku 28. Ile iliyomo kwenye pampu inapashwa na mwili na jua, ndiyo sababu nyingine ya kutopitisha siku 3.

Kuandaa watu kulinichosha kuliko kuandaa vifaa. Mwanangu alipougua mara ya kwanza, kliniki ya mtaani ilimtibu malaria mara 2 kabla mtu hajapata wazo la kumpima sukari. Majirani walisema nilimlisha peremende mno. Kisukari cha aina ya kwanza hakiletwi na peremende. Kinga ya mwili yenyewe inaharibu chembe za kongosho zinazotengeneza insulini, na hakuna jani linalozirudisha. Shangazi mmoja, kwa mapenzi yake, alileta dawa ya mitishamba na kunisihi niache sindano siku 7. Nilimpigia magoti nikamwambia, shangazi, siku 7 bila insulini namzika. Wengine wanaamini insulini ni dawa ya anayekaribia kufa, au kwamba ukishaianza imekufanya mtumwa. Mwanangu anaihitaji kama wewe unavyohitaji insulini inayotoka kwenye kongosho lako, tofauti ni kwamba yako huioni.

Pampu imeleta maneno yake mapya. Kuna wanaodhani amepona, wanamwekea soda kwa furaha. Waelezeni mapema, pamoja na upande wa pili: sukari ikishuka chini ya 3.9, anatetemeka, anatoka jasho, anaongea ovyo, na watu husema amelewa au amepandwa na mapepo. Apewe kitu cha sukari mara moja, vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji au nusu chupa ya soda, apimwe tena baada ya dakika 15. Akiwa amepoteza fahamu, msimtie kitu mdomoni. Mlazeni ubavu, mkimbizeni hospitali. Nilimfundisha hata bwana wa boda anayempeleka shule.

Shuleni nenda wewe mwenyewe kabla ya muhula kuanza, na barua ya daktari. Mwalimu mkuu, matroni na sista wote waione mashine kwa macho yao. Matroni mmoja alishawahi kumnyang'anya glukosi kwa sababu vitu vitamu haviruhusiwi bwenini, na hakuwa mtu mbaya, hakuna aliyemwambia. Mtoto akikaribia mitihani ya taifa ya UNEB, mwombe mwalimu mkuu mapema alifikishe jambo hili kunakohusika, maana kifaa kiunoni kwenye chumba ambamo simu ni marufuku kitaleta taharuki asubuhi ambayo mtoto anahitaji utulivu. Askari wa mlangoni kwenye maduka makubwa nao watauliza. Mwanangu huinua fulana kidogo na kusema, "Ni dawa yangu, afande," na wengi wanampisha kwa heshima.

Kwa safari, chukueni vifaa mara mbili ya mnavyohitaji. Tukienda Arua tunabeba seti 4 kwa siku 6, sirinji, chupa zote mbili za insulini (ya kasi na ya muda mrefu), stripi, betri, biskuti na glukosi. Konda atataka kuusukuma mfuko huo kwenye buti na mizigo mingine. Mkatalie. Chini kule kuna joto na huwezi kuufikia basi likiwa mwendoni. Mfuko unakaa mapajani hadi tunashuka.