Jinsi ya kuandaa "Siku kama ya leo" bila kuumbuka mstarini

Mpwa wangu yuko darasa la sita. Alipewa kazi ya kusoma mstarini matukio ya kihistoria yaliyotokea tarehe ya siku hiyo. Tulianzia barazani kwetu, Ngamiani, Tanga, tukakosea, tukarekebisha. Hivi ndivyo tunavyofanya sasa.

Hatua ya 1: Daftari

Nunua kaunta buku ya kurasa 384. Ukihesabu na 29 Februari, tarehe ni 366, kwa hiyo kila moja inapata ukurasa wake na 18 zinabaki. Najua simu ipo. Simu huisha chaji na huazimwa. Kaunta inakaa juu ya kabati. Andika kwa penseli.

Hatua ya 2: Anza na la nyumbani

Ukianza na ya ulaya utajaza ukurasa kabla hujafika Tanga. Sisi 4 Novemba tuliifungua kwa 1914, Waingereza na jeshi lao kutoka India waliposhambulia mji huu na Wajerumani pamoja na askari wao Waafrika wakawarudisha nyuma. Nyuki waliotimuliwa na risasi waliingia vitani, ndiyo maana watu huviita Vita vya Nyuki. Ila usiandike kwamba vita vyote ni vya tarehe 4. Meli zilifika tarehe 2, mapigano yakaanza tarehe 3, pambano kubwa likawa tarehe 4, na tarehe 5 Waingereza wakarudi melini. Andika "pambano kubwa".

Chini yake tukaweka 1922, wafanyakazi wa Howard Carter, mchimbuaji wa mambo ya kale, walipofukua ngazi ya kwanza ya kaburi la Tutankhamun, farao wa kale, kule Misri.

Hatua ya 3: Uliza "tarehe ya wapi?"

Hapa ndipo mtoto alipoumbuka. Tuliandika kwamba Barack Obama alichaguliwa kuwa rais wa Marekani tarehe 4 Novemba 2008. Akasoma vizuri, sauti ikatoka. Mwalimu wa zamu akamkatiza: yeye alisikia redioni asubuhi ya tarehe 5, kikombe cha chai mkononi. Mstari mzima ukacheka.

Jioni tulikaa na karatasi mpaka isha. Kumbe wote wawili walikuwa sawa. Matokeo yalitangazwa saa 5 usiku, Jumanne tarehe 4, kwa saa za mashariki ya Marekani. Msimu ule sisi tuko mbele yao kwa saa 8. Hapa Tanga ilikuwa saa 1 asubuhi, Jumatano tarehe 5.

Baada ya hapo nikarudia kurasa zote, na futio likaisha. Neil Armstrong alikanyaga mwezini Marekani ikiwa bado usiku wa 20 Julai 1969. Kwa saa zetu ilikuwa saa 11 na dakika 56 alfajiri ya tarehe 21. Msimamo wangu: shika tarehe ya mahali tukio lilipotokea, kisha pembeni andika ya kwetu. (Mwezini hakuna tarehe, nimewafuata waliorusha chombo.)

Mtego wa pili uko kwetu wenyewe. Bibi akikwambia "usiku wa Jumatano", anasema usiku unaoanza magharibi ya Jumanne. Wengine wakisikia hivyo wanaelewa usiku wa baada ya Jumatano. Muulize, "Usiku wa kuamkia lini, bibi?" Mapinduzi ya Zanzibar yaandike hivyohivyo: usiku wa kuamkia 12 Januari 1964.

Wa tatu ni kalenda. Mapinduzi ya Oktoba ya Urusi yako kwenye ukurasa wa 7 Novemba 1917, kwa sababu Warusi walikuwa bado na kalenda ya zamani, iliyokuwa nyuma kwa siku 13. Kwao ilikuwa 25 Oktoba.

Maulidi usiyape ukurasa wa tarehe. Kila mwaka yanarudi nyuma kwa siku kama 11. Yaweke kwenye zile kurasa 18.

Hatua ya 4: Sadfa au makusudi?

Tia alama. 5 Februari ina Azimio la Arusha la 1967 na kuzaliwa kwa CCM 1977. Hapo tarehe ilichaguliwa. Jamhuri ya Tanganyika nayo ilitangazwa 9 Desemba 1962, mwaka mmoja kamili baada ya uhuru. Tutankhamun na nyuki wa Tanga hawakupangiwa na mtu. Mtoto akichanganya hayo mawili, ataulizwa swali asiloliweza.

Hatua ya 5: Kusoma

Matatu yanatosha, jua linachoma. Ukurasa wetu wa 4 Novemba sasa unasomeka hivi: "Siku kama ya leo, mwaka 1914, lilipiganwa pambano kubwa la vita vya hapa Tanga. Mwaka 1922, ngazi ya kaburi la Tutankhamun ilionekana Misri. Mwaka 2008, usiku kwa Marekani na asubuhi ya tarehe 5 kwetu, Barack Obama alitangazwa mshindi." Kisha anamtazama mwalimu wa zamu.