Kabla hujamgusa mnyama wakati wa mlipuko wa virusi: mambo ya kuzingatia kwa daktari wa wanyama

Chanjo kwanza. Kichaa cha mbwa hakipumziki eti kwa sababu dunia imeshughulishwa na kirusi kingine. Kila anayeshika wanyama, hata mfagiaji wa kliniki, achanjwe mapema: dozi mbili, ya pili siku ya saba baada ya ya kwanza. Aking'atwa baadaye ataosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha atahitaji dozi mbili tu, siku hiyo na siku tatu baadaye, bila sindano ya kingamwili. Chanjwa pia dhidi ya mafua ya msimu. Chanjo hiyo haizuii mafua ya ndege, ila inapunguza uwezekano wa virusi viwili vya mafua kukutana ndani ya mtu mmoja na kubadilishana jeni.

Mwenye mnyama ahojiwe kwa simu kabla hajafika. Nani anaumwa nyumbani? Mnyama analala wapi? Kuna ndege waliokufa karibu, au mifugo iliyoharibu mimba? Kisha mnyama aingie, mwenyewe abaki nje. Ugonjwa ukiwa umeenea kwa watu, yeye ni hatari kwako kuliko paka wake.

Barakoa iwe ya kuchuja hewa, N95 au FFP2, tena iliyobana. Ndevu zinaiharibia kazi, kwa hiyo nyoa. Ifunike kwa viganja, toa pumzi. Upepo ukipenya pembeni, rekebisha chuma cha puani.

Sasa macho, na hapa msome polepole. Agosti 2021, huko Songkhla kusini mwa Thailand, baba na mwanawe wenye COVID-19 walilazwa, na paka wao aliyekuwa akilala nao kitanda kimoja akapelekwa hospitali ya wanyama kupimwa. Daktari alivaa glavu na N95. Katika kuchukua sampuli, paka akampiga chafya usoni. Walikuwa pamoja kama dakika kumi tu. Baada ya siku tatu daktari akaanza kuumwa, na virusi vyake vilipochunguzwa vikalingana na vya paka na vya wenye paka. Pua na mdomo vilikuwa vimezibwa. Macho yalikuwa wazi.

Wala si COVID-19 pekee. Mafua ya ndege ya H7N7 yalipolipuka Uholanzi mwaka 2003, watu 89 walithibitika kuambukizwa, na wengi wao walipata macho mekundu tu. Daktari mmoja wa wanyama alifariki kwa nimonia. Utando wa jicho unapokea virusi moja kwa moja, na machozi nayo hushuka puani. Vaa miwani ya kinga iliyoziba pande zote, au ngao ya uso inayopita kidevu. Miwani ya kusomea haihesabiki. Ikishika ukungu usiivue: mara nyingi hewa inavuja juu ya barakoa, kwa hiyo hiyo ndiyo ya kurekebisha.

Kosa lingine ni kungoja dalili ndipo uvae. Mwaka 2008, katika kliniki moja ya farasi huko Queensland, Australia, daktari na muuguzi walikuwa wakimsafisha farasi mmoja ndani ya pua kila siku. Siku tatu za mwisho za kazi hiyo farasi alikuwa tayari na kirusi cha Hendra, kinachoua farasi na watu, ila hajaonyesha dalili yoyote. Baadaye walimpasua pia. Wote wawili waliambukizwa, na daktari akafariki. Kwa hiyo vaa kufuatana na kazi unayokwenda kufanya, si kufuatana na ugonjwa unaoukisia. Kusafisha pua au meno, kuingiza mpira kwenye koo la hewa, kuzalisha, kushika kijusi kilichoharibika, kupasua mzoga: kazi hizi zote zinadai barakoa, miwani, gauni lisilopitisha maji na glavu mbili mbili, hata mnyama awe mzima kama chuma. Mzoga usipasuliwe kabisa iwapo sampuli ya damu au ya pua inatosha. Damu iliyorushwa hewani ndiyo mojawapo ya njia ambazo homa ya Bonde la Ufa huwapata wapasuaji. Na usioshee sakafu kwa mpira wa maji yenye kasi.

Kuvua kunaambukiza kuliko kuvaa, maana umechoka na unataka kwenda. Toa glavu, halafu miwani kwa kushika mkanda wa nyuma, halafu gauni ukilikunja ndani nje. Toka chumbani, ndipo uvue barakoa, unawe. Mwenzako asimame akikutazama.

Klorini ya asilimia 0.5 hupatikana kwa sehemu moja ya dawa ya asilimia 5 na sehemu tisa za maji. Changanya upya kila siku. Osha kwanza kwa sabuni, kwa kuwa damu na kinyesi huidhoofisha klorini, kisha paka klorini uiache dakika kumi. Usiimwage juu ya mkojo wa paka: mvuke wake unachoma mapafu.

Wajawazito wasizalishe mifugo. Sindano iliyotumika isirudishiwe kifuniko. Weka daftari la nani aligusa nini na lini. Aliyegusa ndege au ng'ombe wenye mafua ya ndege ya H5N1 ajichunguze kwa siku kumi, macho yakiwemo, na akienda hospitali aanze kwa kutaja kazi yake, kwani daktari wa watu hataikisia. Kutoumwa nako kusikupe uhakika: Septemba 2024 Marekani ilipima damu ya madaktari 150 wa ng'ombe, watatu wakakutwa na kingamwili za mafua hayo ya H5, na hakuna kati yao aliyekuwa ameona dalili yoyote. Nguo za kazi zibaki kazini, viatu pia, na simu ipanguswe kwa spiriti ya asilimia 70 kabla ya kuipeleka sikioni.