Kumpeleka Maonyeshoni Mbwa Usiyekusudia Kumzalisha

Maonyesho ya mbwa yalikuzwa yawe mahali pa kuchagua wanaofaa kuendeleza nasaba, na ndiyo sababu mwamuzi humpapasa dume ahakikishe korodani zote mbili zimeshuka. Je, mfugaji wa Nyali au Bamburi, mitaa ya Mombasa, asiyetaka watoto wa mbwa ana haki ya kuingia uwanjani? Kwa maoni yangu anayo, ilimradi asimfiche mtu jambo.

Kabla ya kulipa ada, zisome kanuni. Kennel Club ya Uingereza, yaani chama kinachosimamia maonyesho ya mbwa huko, humruhusu mbwa aliyehasiwa, ilhali American Kennel Club ya Marekani humzuia katika madaraja ya kawaida ya umbo, ambapo mbwa hupimwa kwa sura na mwendo, ingawa mashindano ya utiifu yako wazi kwake. Kwetu Kenya, iulize East Africa Kennel Club kwa maandishi, ulihifadhi jibu.

Kisha jiulize kwa nini humzalishi. Ikiwa ni ufinyu wa ua tu, hapana neno. Ikiwa picha ya eksirei imeonyesha nyonga mbovu, au ana kifafa, hapo ndipo penye uzito, kwa sababu mwamuzi huona mwendo, meno na manyoya lakini haoni eksirei, na utepe atakaoutoa utawapandisha thamani baba na ndugu wa mbwa huyo, ambao huenda wanabeba kasoro ile ile na wataendelea kuzalishwa kwa sifa zake. Basi mpelekee aliyekuuzia majibu ya daktari wa mifugo kabla ya kujiandikisha. Akikuomba unyamaze, usimpeleke. Wala usimwonyeshe mbwa ambaye kasoro yake ya umbo imefichwa kwa upasuaji. Na usimwingize mbwa dhaifu ili kuongeza idadi tu, maana katika mfumo wa Marekani alama hutegemea wingi wa walioshindwa, na kumchangia rafiki alama kwa njia hiyo ni ulaghai.

Ushindi huleta wageni. Atatokea mtu akuambie, “Bwana, niazime dume lako siku moja tu, na kitoto kimoja ni chako.” Ni ofa tamu, nakiri. Mjibu papo hapo, “Huyu hazalishwi, nyonga zake zina kasoro,” wala usimwambie mtaona baadaye, kwani atarudi.

Dume asiyehasiwa kwa ajili ya maonyesho anahitaji ukuta mzima na lango linalofungwa, kwa sababu mimba ya jike wa mtaani ni dhamana yako, na jirani Mwislamu anayekwenda msikitini hapendi kuguswa na mate ya mbwa akiwa na udhu. Jike naye asiyefungwa kizazi yumo katika hatari ya usaha kwenye mfuko wa uzazi, hatari inayoongezeka kadiri anavyozeeka. Kwa hiyo, siku ile ile unayomwandikisha shindano la kwanza, kubaliana na daktari umri atakapostaafu na kufanyiwa upasuaji, hata kama atakuwa bado anashinda.