Somo: Kulinganisha ngano za jadi na za kisasa darasani, hatua kwa hatua

Walimu wenzangu, somo hili huharibikia mahali pamoja. Mwanafunzi anachora jedwali, upande huu "jadi", upande ule "kisasa", anajaza tofauti kumi na mbili, anakusanya daftari, na hapo hajafikiri lolote. Orodha ya tofauti ni malighafi tu. Kazi yenyewe inaanza unapomuuliza: nani alilibadilisha jambo hili, na alikuwa akimsimulia nani?

Hatua ya 1: Chagua ngano moja yenye matoleo matatu

Napenda ile ya binti mwenye kofia nyekundu. Ni fupi, na mwisho wake umebadilika waziwazi kila ilipoangukia mikononi mwa mwandishi mpya.

Charles Perrault, Ufaransa, 1697: mbwamwitu anamla bibi, anamla na mjukuu, hadithi imeishia hapo. Hakuna anayekuja. Zinafuata beti za mawaidha zinazowaonya wasichana wajihadhari na mbwamwitu wapole wenye maneno matamu.

Ndugu wawili Grimm, Ujerumani, 1812: mwindaji anapita, anasikia mkoromo, anampasua mbwamwitu tumbo kwa mkasi. Bibi na mjukuu wanatoka wazima, kisha tumbo linajazwa mawe.

Roald Dahl, Uingereza, 1982: binti mwenyewe anachomoa bastola na kummaliza mbwamwitu.

Angalia kwamba mawili ya kwanza yote tunayaita "ya jadi", na bado hayakubaliani. Wanafunzi wakiligundua hilo wenyewe, nusu ya somo imeshafanyika.

Hatua ya 2: Soma kwa sauti, kalamu zikiwa chini

Ngano ni mali ya sikio. Simama kabla ya mwisho wa kila toleo, waache wabashiri, kisha endelea. Usieleze chochote.

Hatua ya 3: Uliza swali moja tu: nani anamwokoa binti?

Majibu yatakuwa mafupi: hakuna, mwindaji, yeye mwenyewe. Yaandike ubaoni, kisha anza kuchimba.

Asipookolewa na mtu, msikilizaji anaondoka na nini? Anaondoka na hofu, na hofu hiyo ndiyo onyo lenyewe. Akiokolewa na mwindaji je? Hapa warudishe mwanzoni mwa hadithi. Kwa Perrault, mama anamtuma binti bila kumkanya. Kwa akina Grimm, mama anamwambia asiiache njia, na baada ya kuokolewa binti anaazimia kutoiacha tena mama akikataza. Kwa hiyo mwindaji hakuongezwa peke yake. Mwanzo nao una katazo, na dhamira imekuwa ya utii: aliyekosea anapata nafasi ya kujirekebisha. Mwanafunzi akiona kwamba mwanzo na mwisho vimebadilika pamoja, ameelewa msuko kuliko ambavyo ufafanuzi wowote wa kitabu ungemwelewesha.

Toleo la Dahl lina siri nyingine. Bastola inachekesha kwa sababu msomaji anaijua hadithi ya zamani na alikuwa anangoja binti aliwe. Msomee mtu asiyewahi kuisikia ngano hiyo, atakukodolea macho. Ngano nyingi za kisasa huishi kwa namna hiyo, zikiegemea kumbukumbu ya ile ya zamani. Walimu wengi hulipita jambo hili, nami naliona tamu kuliko mengine yote.

Hatua ya 4: Tafuta sababu

Wape maelezo machache ya kila mwandishi. Perrault aliandika zama za Louis XIV, mfalme wa Ufaransa, akiwa karibu na watu wa jumba la mfalme. Akina Grimm waliuita mkusanyiko wao "Hadithi za watoto na za nyumbani", na Wilhelm, mmoja wa ndugu hao, aliendelea kuzirekebisha hadithi hadi toleo la 7 la mwaka 1857. Dahl aliwaandikia watoto waliokwisha kuzizoea ngano hizi.

Katika hatua hii dai neno "huenda". Na mtu akisema "watu wa zamani walikuwa wakatili", usimpitishe. Hiyo si sababu, ni lawama.

Hatua ya 5: Aya moja ya maandishi

Kila tofauti ibebe sababu yake. Mfano: "Perrault anamwacha binti aangamie, ilhali akina Grimm wanamleta mwindaji. Huenda ni kwa sababu Perrault alitaka kuwatisha wasichana, nao akina Grimm walitaka kumfundisha mtoto utii." Aya moja ya namna hii ina uzito kuliko kurasa tatu za jedwali.

Hatua ya 6: Waandike upya

Wabadilishe jambo moja tu: msimulizi, mandhari au mwokozi. Chini yake waeleze kitu gani kingine kililazimika kubadilika.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Wanafunzi wangu wanajua sinema tu. Cinderella kwao ni ile katuni ya 1950. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba. Anzia hapo hapo, sinema nayo ni toleo. Ila usiwaambie kwamba katuni iliilainisha hadithi ya akina Grimm, maana ilimfuata Perrault. Boga linalogeuka gari, mama wa ubatizo mwenye uchawi na kiatu cha kioo vyote vinatoka kwake. Kwa akina Grimm kuna mti juu ya kaburi la mama, na ndege wanaomletea binti nguo.

Swali: Hiyo ya akina Grimm si ndiyo ile ambayo dada mmoja wa kambo anajikata kidole cha mguu na mwingine kisigino ili kiatu kiingie? Wangu ni wadogo sana.

Jibu: Ndiyo hiyo, iache. Kwa wadogo tumia ya chura na binti mfalme. Watakuapia kwamba alimbusu, nawe wasomee akina Grimm: alimrusha ukutani. Watacheka, kisha watauliza wenyewe busu lilitoka wapi.

Swali: Samahani mwalimu, toleo la asili kabisa tunalipataje ili tulinganishe kwa haki?

Jibu: Usilitafute, halipatikani. Hata ndani ya vitabu vya akina Grimm hadithi zilihama: katika hadithi ya Snow White ya 1812 anayemwonea binti wivu ni mama mzazi, katika toleo la 1819 amekuwa mama wa kambo. Na hadithi ya aina ya Cinderella iliandikwa China karne ya 9, mamia ya miaka kabla ya Perrault. Sema "toleo la mwaka fulani" badala ya "la asili", ugomvi utaisha.

Swali: Karibu darasa zima limeandika: "Za kisasa ni bora kwa sababu wanawake wana nguvu." Niwape alama?

Jibu: Wape swali kwanza: nani alimsukuma mchawi ndani ya tanuri? Ni Gretel, msichana wa hadithi ya Hansel na Gretel, tena kwa akina Grimm hao hao. Warudi wakaandike upya wakiwa na ushahidi kutoka kwenye matini, ndipo usahihishe.

Swali: Kipindi kimoja kinatosha?

Jibu: Hapana, viwili. Cha kwanza kiishie kwenye hatua ya 3, na kengele ikilia wakiwa bado wanabishana, usiwape jibu.