Taa ya mlangoni inamwambia nini mgeni

Mimi ni fundi wa umeme Kariobangi, Nairobi. Kabla ya kununua taa ya mlangoni, jiulize: mgeni akifika usiku, asome nini pale? Kumkaribisha, chukua kelvini 2700 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), mwanga wa manjano kama jiko la makaa. 6500 ni weupe wa zahanati na wa getini. Unasema "unaonekana", hausemi "karibu ndani". Namba hiyo imeandikwa kwenye boksi, usiangalie wati peke yake.

Ukimulika ukuta kutoka chini, jengo linajikweza. Mnara wa KICC, jumba la mikutano la Nairobi, uliokamilika 1973, unastahili. Nyumba ya vyumba viwili mtaani Umoja, hapana. Elekeza taa chini, imulike kizingiti bila kumchoma macho anayebisha hodi.

Kijani kwenye korido kiachie alama ya njia ya kutokea, watu wanaokimbia moshi wasipotee.