Somo: Kutembelea viwanja vya ligi za chini za Uingereza siku za wikendi

Ndugu zangu wanachama, wengi wetu tunaoishi Uingereza tumeanza kushabikia Arsenal, Liverpool na Manchester United tukiwa bado Tanga, Kisumu au Bujumbura, lakini unaweza kukaa nchi hii miaka kumi bila kukanyaga viwanja vyao hata mara moja, kwa sababu tiketi hazipatikani, na zikipatikana bei yake inakula kodi ya chumba. Mimi niliacha kuzihangaikia misimu minne iliyopita. Sasa Jumamosi zangu nyingi ninapanda treni kwenda mji nisioujua, nalipa kiingilio mlangoni na kusimama hatua mbili kutoka kwenye mstari wa chaki wa pembeni, nikitazama mpira ambao kwa hali yake unakaribiana na ndondo za nyumbani kuliko na kile tunachokiona kwenye televisheni. Nimeandika somo hili kwa hatua, ili mtu asiyewahi kwenda aweze kupanga safari yake ya kwanza mwenyewe.

Hatua ya kwanza: Elewa ngazi

Ligi nne za juu, kuanzia Premier League hadi League Two, zina klabu 92. Klabu zilizo chini ya hizo ndizo ninazoziita za ligi za chini. Ngazi ya tano ni National League yenye klabu 24, kisha zinafuata National League North na South, halafu ligi kongwe za kanda kama Northern Premier, Southern na Isthmian, na chini yake ligi za kaunti ambazo viwanja vyake vingine vina jukwaa moja dogo la bati na taa nne. Klabu hupanda na kushuka. Kabla ya 1987 bingwa wa ngazi ya tano alilazimika kuombewa kura na klabu za juu ili apokelewe, lakini tangu mwaka huo anaweza kupanda kwa haki ya ubingwa wake.

Usidhani kwamba ligi za chini maana yake ni ridhaa tupu. Juu kabisa wapo wachezaji wanaolipwa mshahara wa kuendesha maisha, na ukishuka unawakuta mafundi bomba, walimu na madereva wanaolipwa fedha kidogo kwa wiki. Jamie Vardy alicheza Stocksbridge Park Steels, karibu na Sheffield, akilipwa pauni 30 kwa wiki, na mwaka 2016 akawa bingwa wa Uingereza akiwa Leicester City.

Kwa anayeanza, ushauri wangu ni ngazi ya saba hadi ya tisa. Huko kiingilio cha mtu mzima mara nyingi huwa kati ya pauni 8 na 15, watoto huingia kwa fedha kidogo au bure, hakuna haja ya kukata tiketi wiki kadhaa kabla, na unasimama popote unapotaka.

Hatua ya pili: Chagua uwanja, usichague timu

Hapa ndipo wageni wengi hukosea. Wanatafuta timu inayoongoza ligi, wanafika na kukuta uwanja umezungukwa na maegesho ya magari na maghala, na wanarudi nyumbani wakisema hakuna cha kuona. Katika ngazi hizi ubora wa mpira haukaribiani na bei ya nauli yako, kwa hiyo uwanja wenyewe na mji wake ndio unaolipa safari. Mimi natazama mambo mawili tu: je, ninaweza kutembea kwa miguu kutoka stesheni, na je, uwanja una jambo ambalo siwezi kuliona kwingine?

Chukua Marine, klabu ya Crosby, kaskazini ya Liverpool. Unapanda treni Liverpool Central inayoelekea Southport, unashuka Blundellsands and Crosby, na kutoka hapo ni mwendo mfupi wa miguu. Uwanja wao, Rossett Park, una watazamaji pande tatu tu, kwa maana upande wa nne umebanana na bustani za nyumba za watu, na wamelazimika kuweka nyavu ndefu ili mipira isiangukie kwenye nyanya na kamba za kuanikia nguo. Tarehe 10 Januari 2021 Tottenham walifika hapo kucheza Kombe la FA, ngazi saba zikiwa kati ya klabu hizo mbili, na walishinda 5-0. Kwa sababu ya korona hakuna mtazamaji aliyeruhusiwa kuingia, lakini majirani walitazama kutoka bustanini kwao, na klabu iliuza tiketi za heshima, zisizomwingiza mtu popote, zaidi ya 30,000. Nilipofika mimi nilisimama nikikabiliana na uzio wa bustani zile, na katika dakika kama ya ishirini mpira ulipaa juu ya nyavu zote. Hakuna aliyeshangaa. Baada ya muda mkono ukatokea juu ya uzio, mpira ukarushwa kurudi, na mchezaji wa kiungo akainua kidole gumba bila hata kugeuka.

Asubuhi ya siku hiyohiyo nenda kwanza ufukweni, ambako sanamu 100 za chuma zenye umbo la binadamu zimesimama mchangani zikitazama bahari, na maji yakijaa hufunikwa nyingine hadi shingoni. Kwa sisi tuliozaliwa pwani ni jambo la kutisha kidogo, hasa ukiziona kwa mbali.

Mfano wa pili ni Sandygate, uwanja wa Hallam, juu ya mlima katika mtaa wa Crosspool mjini Sheffield. Ndio unaotambuliwa kuwa uwanja wa soka mkongwe kuliko yote duniani. Hallam na Sheffield FC walicheza hapo tarehe 26 Desemba 1860. Sheffield FC yenyewe iliundwa 1857 na ndiyo klabu kongwe kuliko zote, ingawa tangu 2001 imekuwa ikichezea Dronfield, nje ya mji. Sandygate umeinama kiasi cha kuonekana kwa macho. Nilimwona beki wa timu ngeni akipiga pasi ya kawaida kabisa kuelekea upande wa mteremko, mpira ukampita winga wake na kutoka nje, na mzee aliyesimama karibu nami akasema taratibu, kana kwamba anasoma taarifa ya hali ya hewa, kwamba hata huyo atajifunza ifikapo mapumziko.

Kwa wakazi wa London, Lewes ni safari ya saa moja na kitu kutoka Victoria. Uwanja unaitwa The Dripping Pan, uko dakika chache kutoka stesheni, nao umezama katikati ya kingo za udongo zilizoota nyasi, huku vilima vya chokaa vikionekana nyuma yake. Nitaurudia kwenye maswali.

Hatua ya tatu: Soma kalenda

Msimu huanza Agosti na kwa klabu nyingi humalizika mwishoni mwa Aprili. Jumamosi mechi huanza saa tisa alasiri, na za katikati ya wiki, kwa kawaida Jumanne, huanza saa mbili kasorobo usiku. Nazungumza kwa saa zetu. Yupo rafiki yangu niliyemwandikia "saa tisa" naye akafika stesheni kwa treni ya asubuhi ya saa tisa ya Kizungu, akazunguka mji mzima peke yake.

Agosti na Septemba ndiyo miezi ninayoipenda, kwa sababu raundi za awali za Kombe la FA huchezwa wakati huo, na kijiji chenye uwanja wa nyasi ndefu hupata siku yake. Ipo pia Non-League Day, yaani siku ya klabu za ligi za chini, iliyoanzishwa 2010, ambayo hupangwa wikendi ya mechi za kimataifa wakati ligi mbili za juu zimepumzika, na klabu nyingi hupunguza kiingilio. Tena, Jumamosi kuanzia saa tisa kasorobo hadi saa kumi na moja na robo jioni Waingereza hawaruhusu mechi kuonyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni, hivyo huna unachokikosa nyumbani.

Hatua ya nne: Hakikisha mechi ipo

Hatua hii niliidharau mara moja tu. Ilikuwa Januari, nilisafiri saa mbili na nusu kwenda klabu ambayo sitaitaja, na nilipofika nilikuta lango limefungwa kwa kufuli na karatasi ndani ya mfuko wa nailoni imesema uwanja umejaa maji. Taarifa ilikuwa imetolewa mtandaoni saa nne asubuhi, wakati mimi nikiwa nimelala kwenye kiti cha treni. Tangu hapo nafanya hivi: usiku wa kuamkia safari natazama ukurasa wa klabu, asubuhi natazama tena kabla ya kutoka, kwa kuwa mwamuzi au msimamizi hukagua uwanja mapema mvua ikinyesha au barafu ikikamata, na daima nina jina la uwanja wa pili ulio karibu, hasa wenye nyasi bandia, ambao mvua haiuzuii kirahisi. Kuanzia Novemba hadi Februari, bila uwanja wa akiba usitoke.

Hatua ya tano: Nauli

Mkiwa watu 3 hadi 9, kampuni nyingi za treni hutoa punguzo la theluthi moja nje ya saa za msongamano. Mkiwa wawili, kadi ya punguzo hurudisha bei yake ndani ya safari chache. Angalia matengenezo ya reli, maana hufanyika zaidi wikendi, na basi la kufidia treni linaweza kukuongezea saa nzima.

Hatua ya sita: Uwanjani

Fika saa nane. Beba fedha taslimu kidogo hata kama wanapokea kadi, kwa ajili ya jarida la mechi na bahati nasibu ambayo mtu mzima mwenye ndoo au kitabu cha tiketi atakuletea ulipo. Nunua hapohapo chai. Klabu hizi huendeshwa na watu wa kujitolea, na kibanda cha chai kinachangia kulipa umeme wa taa. Kisha zunguka uwanja mzima mara moja kabla ya mpira kuanza. Mapumziko yakifika utaona watu wanahama upande mmoja kwenda mwingine, wote kwa pamoja, wakifuata goli ambalo timu yao italishambulia kipindi cha pili. Hama nao. Utakachokisikia kutoka hapo, kocha akimkaripia beki kwa jina na kipa akilaumiana na mshika kibendera, hakipatikani kwenye jukwaa la watu elfu sitini.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Northampton: Kaka, shukrani kwa somo. Mimi ni mama wa watoto wawili, wa miaka sita na tisa. Je, kuna usalama, na je, kuna mechi za wanawake?

Jibu: Dada yangu, kwa watoto ndiyo sehemu nzuri kuliko zote, kwani wanakimbia nyuma ya goli na kurudisha mipira. Waache tu mbali na uzio wakati wa kupasha misuli moto, mipira huwa mingi. Kuhusu wanawake, Lewes niliyoitaja hapo juu mwaka 2017 iliamua kuipa timu yake ya wanawake bajeti sawa na ya wanaume. Mechi za wanawake huchezwa zaidi Jumapili, kwa hiyo ukibahatika na ratiba unaweza kulala mji huo na kutazama timu zote mbili.

Mwanachama wa Leicester: Ndugu, sisi Waislamu tunafanyaje kuhusu pombe na chakula?

Jibu: Ni kweli pombe ipo. Sheria ya 1985 inakataza kunywa mbele ya uwanja katika ligi kubwa, lakini katika ngazi ninazozizungumzia watu hutembea na bilauri zao za plastiki hadi pembeni ya chaki. Mara nyingi wanakusanyika karibu na baa, nami huenda upande wa pili. Chakula cha kibandani usikitegemee. Hata chipsi uliza zimekaangwa kwenye mafuta gani, kwa kuwa kaskazini wapo wanaotumia mafuta ya ng'ombe. Mimi hubeba chapati na mayai, na hakuna aliyewahi kunizuia mlangoni. Sala ya alasiri siku fupi za baridi huangukia kabla ya mpira kuanza, kwa hiyo uipange ndani ya safari.

Mwanachama wa Leeds: Mkuu, sema ukweli. Mtu mweusi peke yake katika mji mdogo, hapati maudhi?

Jibu: Mara nyingi kabisa nimepata maswali ya udadisi na vikombe vya chai vya bure. Mara moja, kwenye klabu ambayo sitaitaja, nilisikia neno baya likirushiwa winga wa timu ngeni. Nilimwendea msimamizi mwenye koti la njano, nikamwonyesha aliyelitamka, naye akatolewa kabla ya mapumziko. Usinyamaze, na usibishane naye mwenyewe. Ukiona klabu haijali, Kick It Out, shirika la kupinga ubaguzi katika soka, hupokea malalamiko hata ya ngazi hizi.

Mwanachama wa Birmingham: Kuna Mtanzania yeyote aliyewahi kucheza huko?

Jibu: Yupo Adi Yussuf, mzaliwa wa Zanzibar aliyeichezea Taifa Stars, ambaye alipita Solihull Moors, karibu kabisa na kwako. Uwanja wao, Damson Park, uko jirani na uwanja wa ndege wa Birmingham. Wewe ungeanzia hapo, halafu Jumamosi inayofuata ushuke ngazi tatu.